Uzi: Mashine ya kuchora kwa kompyuta kwa duka dogo Kisumu – CO2, faiba au ya kisu?

#1 DukaKibuye

Habari za mchana wadau. Nafungua duka karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, chumba cha futi 10 kwa 12, stima ya fezi moja. Wateja walio tayari ni shule (vikombe, medali, vibao vya milango), kliniki zinazotaka beji za wauguzi, wafanyabiashara wanaotaka mihuri, na maagizo madogomadogo ya vishikio vya funguo vya mbao na akriliki.

Nimeletewa bei ya mashine tatu: ile ndogo inayoitwa K40, leza ya gesi ya CO2 ya wati 60 yenye meza ya 6040 (milimita 600 kwa 400), na leza ya faiba ya wati 20. Pesa inatosha moja kati ya hizo mbili kubwa pamoja na vifaa vyake. Nichukue ipi? Na ni yapi ambayo tangazo la muuzaji halisemi?

#2 LezaNakuru

Karibu ndugu. Anza na kitu kinachochorwa, wati zije baadaye.

Leza ya CO2 hutoa mwanga wa mikromita 10.6. Mwanga huo humezwa na mbao, ngozi, karatasi, mpira, akriliki, kioo na mawe, lakini chuma kitupu huurudisha ulikotoka. Faiba hutoa mwanga wa nanomita 1064, mfupi karibu mara kumi. Huo humezwa na stenlesi, shaba, alumini na baadhi ya plastiki, na hupita katika kioo na akriliki angavu bila kuacha hata mkwaruzo. Kwa hiyo usizipime kwa wati. Wati 20 za faiba zitachimba shaba. Wati 100 za CO2 zitaipasha joto tu.

Sasa orodha yako. Beji za plastiki ya rangi mbili: CO2. Mihuri: CO2. Mbao na akriliki, kuchora na kukata: CO2. Vibao vya milango vya akriliki au plastiki ya rangi mbili: CO2. Kwenye vikombe angalia kile kibao kinachobandikwa kitakoni. Kikiwa ni alumini iliyotiwa rangi kiwandani, nyeusi, buluu au nyekundu, CO2 huipausha ile rangi na maandishi hutoka meupe, safi. Ile ya rangi ya dhahabu nayo hupauka, ila maandishi hayatofautiani sana na kibao, mteja atalalamika hayasomeki. Kikiwa shaba tupu au stenlesi, CO2 haifanyi kitu mpaka upulize dawa yenye molibdeni, na dawa hiyo ni ghali, hula faida ya kibao kidogo.

Kwa orodha hiyo mimi nasema CO2 ya wati 60.

#3 ChumaMoto

Fizikia nakubali, hitimisho sikubali haraka hivyo. Ndugu, jiulize kazi ya shule huja vipi. Haiji kidogokidogo. Huja medali 200 wiki moja kabla ya michezo, na mgongo wa medali ni chuma kitupu. Hapo faiba humaliza medali moja kwa sekunde 15 hadi 20, kwa sababu hakuna kichwa kizito kinachokimbia kwenye reli. Ni vioo viwili vidogo vinavyogeuza mwale.

Halafu matunzo. Faiba ya wati 20 hupozwa na feni zake yenyewe, haina maji, haina tyubu ya kioo, haina vioo vya kulenganisha kila baada ya wiki chache. Hutumia kama wati 500 au pungufu. Tyubu ya CO2 huchoka hata ikiwa imelala kwenye boksi, gesi ndani yake hubadilika.

Ukichagua faiba, angalia haya. Chanzo cha leza kiwe na jina linalojulikana: Raycus, JPT au MAX. Ubao wa kuendeshea uwe unakubaliwa na programu ya EzCad2 na pia ya LightBurn. Muuzaji akuonyeshe ukifunguka kwenye kompyuta yako, si yake. Lenzi ya 110 kwa 110 milimita inatosha vibao na medali. Ya 175 kwa 175 inafikia eneo kubwa lakini nukta ya mwale hupanuka, na kwa wati 20 tu utaona uchimbaji unapungua. Usilipie MOPA (faiba ambayo urefu wa kila pigo la mwale hubadilishwa) ila kama una mteja wa rangi kwenye stenlesi au wa maandishi meusi kwenye alumini iliyotiwa rangi.

Pa kuanzia kwa maandishi meusi kwenye stenlesi: kasi milimita 300 kwa sekunde, nguvu asilimia 70, masafa kilohezi 25, nafasi kati ya mistari milimita 0.03. Ukiona alama imekuwa ya kahawia na yenye magamba, umeunguza. Stenlesi iliyounguzwa hivyo hupoteza ule utando wake wa kromu, na baada ya muda maandishi yenyewe huota kutu.

#4 LezaNakuru

Hoja ya kasi ni ya kweli, wacha niiwekee hesabu ili kaka apime mwenyewe.

CO2 huchora mstari kwa mstari kama mtu anayefagia. Kibao cha milimita 100 kwa 60, nafasi ya milimita 0.1 kati ya mistari: ni mistari 600. Kwa kasi ya milimita 300 kwa sekunde, mstari wa milimita 100 huchukua sekunde 0.33, ongeza kama sekunde 0.17 za kupunguza mwendo, kugeuka na kuanza tena. Sekunde 0.5 mara 600 ni sekunde 300, dakika tano. Ukibana mistari hadi 0.08, inakuwa mistari 750, dakika sita na robo. Kibao hichohicho ukikilaza ili upande mrefu ufuate mwendo wa kichwa, kama nilivyofanya hapo juu, unaokoa muda. Ukikisimamisha una mistari 1,000 mifupi, na kila mmoja una ugeukaji wake: sekunde 0.2 na 0.17, mara 1,000, jumla sekunde 370. Wengi hupoteza saa nzima kwa siku kwa kulaza kazi vibaya.

Kwa hiyo beji 40 za milimita 70 kwa 20 si tatizo. Medali 200 za chuma ni tatizo. Kama zaidi ya nusu ya mapato yako yatakuwa chuma kitupu, ChumaMoto yuko sahihi na mimi nimekosea. Kama ni kazi ya muhula mmoja kwa mwaka, peleka medali kwa mwenye faiba mjini, mpe sehemu yake, ubaki na mashine inayokulisha miezi mingine.

#5 StimaNyanza

Naona mnabishana kuhusu mwale na hakuna aliyetaja joto la Kisumu. Hapa ndipo CO2 nyingi za huku hufia.

Tyubu ya kioo hugeuza kama asilimia 15 tu ya umeme kuwa mwale. Tyubu ya wati 60 ikifanya kazi huacha wati 340 hivi za joto ndani ya maji. Ukitumia ndoo ya lita 10 na pampu, kama wauzaji wengine wanavyokuambia, maji hupanda karibu nusu digrii kila dakika ya kuchora mfululizo. Dakika 10, digrii tano. Mchana wa Kisumu maji ya ndoo yanaanza kwenye 27 au 28. Tyubu inataka maji ya kati ya 15 na 25. Ikipita 30 mwale hudhoofika, unaongeza nguvu ili ukate, joto linaongezeka tena, na tyubu iliyopaswa kukutumikia maelfu ya saa inakufa mapema.

Muuzaji akikuambia "inakuja na kipoza maji", muulize namba. CW-3000 si friji. Ni rejeta na feni, hutoa wati 50 kwa kila digrii ambayo maji yamezidi hewa ya chumba. Fanya hesabu: 340 gawa kwa 50, karibu digrii 7 juu ya hewa. Chumba chako kikiwa 30, maji yako ni 37. Hiyo haifai Kisumu kabisa, hata iwe mpya. Unahitaji CW-5000 au CW-5200, zenye kompresa na gesi kama friji. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, asubuhi ni baridi na mtu aweza kujidanganya na CW-3000. Sisi huku chini ziwani tuko kwenye mita 1,130 hivi, hakuna kujidanganya.

Ila usiishushe mno. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Ukiweka maji kwenye 15, tyubu na vifundo vya umeme vitatoa jasho kama chupa ya soda, na mle ndani kuna volti zaidi ya 15,000. Jasho likifika kwenye waya wa volti kubwa, umeme unaruka. Weka 20 hadi 22. Tumia maji yaliyotoneshwa, si ya mfereji wala ya kisima, kwa sababu madini huganda ndani ya tyubu, tena maji yenye madini hupitisha umeme. Badilisha kila baada ya miezi mitatu au yakianza kuwa na utelezi wa kijani.

Stima sasa. Jumlisha: leza yenyewe wati 600 hivi, kipoza 400 hadi 500, feni ya moshi 250 hadi 550, pampu ya hewa 100. Ni kama kilowati moja na nusu. Volti 240 zinaibeba, lakini usiunganishe vyote kwenye ekstensheni moja. Vuta laini mpya kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita za mraba 2.5, soketi mbili au tatu. Waya wa ardhi si hiari: mwili wa mashine ya CO2 usio na ardhi unaweza kukurusha. Fundi apige ile nondo ya ardhi na aipime, asikuambie tu ipo.

Weka stabilaiza ya volti. UPS iwe ya kompyuta peke yake. Kubebesha kipoza kwenye UPS ndogo ni kuiua. Ukitaka jenereta, kilovolti-ampea 3, maana kompresa ikiamka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Na mvua za radi za huku zinajulikana: radi ikianza, chomoa plagi pamoja na kebo ya mtandao inayokwenda kwenye mashine. Kuzima swichi tu hakutoshi.

#6 DukaKibuye

Asante sana StimaNyanza, hilo la CW-3000 ndilo hasa nililokuwa nimeandikiwa kwenye bei. Maswali mawili. Kwa nini hakuna anayezungumzia K40? Na kuna zile leza ndogo za buluu zinazotangazwa "40W" kwa bei nafuu sana, zina tofauti gani?

#7 LezaNakuru

K40: meza ni kama milimita 300 kwa 200, tyubu ya sentimita 70 ambayo kwa kweli hutoa karibu wati 35. Ubao wake wa M2Nano hauendeshwi na LightBurn. Nguvu unaweka kwa kitufe kwenye paneli, kwa hiyo huwezi kuagiza kwenye faili moja kwamba herufi zichorwe kwa asilimia 20 na ukingo ukatwe kwa 60. Lazima usimame ubadilishe. Kwa kujifunzia inafaa. Kwa duka lenye wateja wanaosubiri, hapana.

Leza ya buluu: soma kama wati 40 ni za mwale au ni za umeme unaoingia. Nyingi zilizoandikwa 40 hutoa 5 hadi 10 za mwale. Huchora mbao vizuri, ngozi pia. Akriliki angavu hupita tu kama mwanga wa jua dirishani, haikati wala haichori. Nyingi hazina kifuniko, na mwale wa buluu ukiruka machoni kwa mteja aliyesimama kaunta, hakuna dawa.

#8 MuhuriKakamega

Kuhusu mihuri, kwa sababu ndiyo itakayolipa kodi ya chumba mwanzoni.

Nunua mpira wa leza wa unene wa milimita 2.3, ule unaouzwa kama usionuka. Utanuka hata hivyo, lakini kidogo. Kwenye programu geuza picha kama ya kwenye kioo, na ugeuze rangi ili kinachochimbwa kiwe pembeni mwa herufi, si herufi zenyewe. Nafasi kati ya mistari 0.05 hadi 0.06. Kwa wati 60 anza na kasi 200 na nguvu asilimia 50, pima kina kwa ncha ya kalipa: unataka milimita 0.8 hadi 1. Ukichimba pungufu ya hapo, sakafu ya mpira nayo hushika wino na karatasi inachafuka.

Kosa la kawaida ni kusahau mteremko. LightBurn na RDWorks zote zina mpangilio unaofanya kuta za herufi ziwe pana chini na nyembamba juu, kama mlima. Bila huo, herufi ndogo husimama kama uzi, hulala mtu akibonyeza, na baada ya wiki chache "e" na "a" zinajaa wino. Herufi usishuke chini ya milimita 2 kwa kimo. Ukimaliza osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, kisha kausha kabla ya kubandika. Vumbi lile la mpira likibaki, gundi haishiki.

Jambo jingine nalisema kwa uzito. Watu watakuja na picha ya muhuri wa ofisi ya chifu, shule, hospitali au mahakama wakitaka "mwingine kama huu". Kughushi muhuri ni kosa chini ya sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, na aliyechonga huulizwa pamoja na aliyetuma. Dai barua yenye kichwa cha ofisi husika, nakala ya kitambulisho cha aliyekuja, piga simu ofisini kuthibitisha, na uweke daftari lenye alama ya kila muhuri uliotoka dukani.

#9 DukaKibuye

Nimeelewa, dada. Jirani yangu anatengeneza mabango, anataka nimkatie herufi kwenye zile mbao nyeupe za plastiki na stika za vinili. Inawezekana?

#10 MuhuriKakamega

Usikubali hata moja. Zile mbao nyepesi za mabango kwa kawaida ni PVC, na vinili ni PVC pia. Ikichomwa hutoa gesi yenye klorini ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi. Unaivuta mapafuni, na mashine nayo hushika kutu kwenye reli, beringi na vioo kwa muda mfupi. Stika hukatwa kwa plota ya kisu.

Plastiki usiyoijua ijaribu hivi, nje ya duka. Pasha ncha ya waya wa shaba uliomenywa mpaka uwe mwekundu, iguse ile plastiki ili kidogo inate, kisha rudisha kwenye moto. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini. Rudisha kwa mwenyewe.

#11 LezaNakuru

Naongezea kwenye akriliki, kwa kuwa ndipo wanaoanza huhisi wameuziwa mashine mbovu. Kuna akriliki ya kumwagwa na ya kusukumwa. Ya kumwagwa ikichorwa hutoa nyeupe kama barafu, nzuri. Ya kusukumwa hutoa alama angavu isiyoonekana na ukingo wake hunata. Kwa macho hufanana. Kabla ya kununua shiti nzima omba kipande, chora mraba wa sentimita mbili.

Kukata milimita 3 kwa wati 60: anza na kasi 15 hadi 18, nguvu 60, hewa kidogo tu. Hewa nyingi huupoza ukingo haraka mno ukabaki na makunyanzi badala ya kung'aa kama kioo. Kwenye mbao ni kinyume, hewa nyingi ndiyo huzuia moto na masizi. Kama pampu yako haina kidhibiti, weka vali ya shaba kwenye mpira wa hewa.

#12 MvuleNyakach

Kichwa cha uzi kinataja mashine ya kisu (ile ya kisu kinachozunguka na kuchimba, si plota ya stika) na hakuna aliyeigusa, wacha niseme yangu.

Mteja anayetaka kibao cha mvule cha langoni chenye herufi za kuzama, leza haimfai. Leza hupaka weusi juu, kisu huchimba. Kwa kisu cha V cha nyuzi 60, herufi yenye mstari wa upana wa milimita 4 huzama karibu milimita 3.5, na programu hujipimia yenyewe kadiri mstari unavyopanuka. Mvule hukubali vizuri. Saipresi ina pete ngumu na laini zinazopishana, kwa kisu hung'oka nyuzi na kwa leza huungua mistari mistari, kwa hiyo piga koti moja la sanding sila kwanza. Spindo (mota inayozungusha kisu) ya kilowati 1.5 inatosha.

Jiwe la Kisii, lile la Tabaka, huchongeka kwa kisu cha mkono, kwa hiyo kisu cha kabaidi hakisumbuki nalo. Shida ni vumbi, vaa barakoa ya vumbi ya kweli. Granaiti ya makaburi ni habari nyingine. CO2 huandika vizuri kwenye granaiti nyeusi iliyong'arishwa: hupasua chembe za juu zikawa nyeupe, hata picha ya marehemu hutoka. Lakini haichimbi. Familia ikitaka herufi za kuzama, hiyo ni kazi ya kupuliza mchanga. Granaiti ya kijivu usiahidi kitu, alama haionekani.

Kisu na leza visikae chumba kimoja cha futi 10 kwa 12. Vumbi la mbao hukaa juu ya lenzi, mwale unalichoma, na lenzi inapasuka.

#13 ChumaMoto

Kuhusu kuagiza mwenyewe China au kununua kwa muuzaji wa hapa. Ukiagiza, bei ya kiwandani si bei ya mlangoni. Ongeza usafiri, bima, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na hakikisha muuzaji anakupa cheti cha ukaguzi cha KEBS (shirika la viwango la Kenya) kabla mzigo haujapakiwa, ama utakwama bandarini. Kwa CO2 dai tyubu ifungwe kwenye boksi lake peke yake. Tyubu iliyosafiri ndani ya mashine kwa barabara ya Mombasa hadi Kisumu inaweza kufika na ufa usioonekana.

Pima mlango. 6040 hupita milango mingi, 1390 (meza ya milimita 1300 kwa 900) mara nyingi hukwama.

#14 StimaNyanza

Siku ya kupokea usiharakishe kuchora. Fuata huu mfululizo, muuzaji akiwa bado yupo.

Pima tyubu kwa futi kamba. Wati 40 ni sentimita 70 hivi, wati 60 ni mita moja hadi moja na robo, wati 100 ni karibu mita 1.45. Tyubu ya sentimita 80 haiwezi kuwa ya wati 60 hata stika iseme nini. Kisha washa kipoza pekee utazame maji yakipita. Tundu la maji kutoka lazima litazame juu, la sivyo povu la hewa hujificha ndani, sehemu ile haipozwi na kioo kinapasuka. Inua upande mmoja wa mashine kidogo mpaka povu litoke.

Jaribio muhimu kuliko yote: zima kipoza, kisha jaribu kurusha leza. Lazima ikatae. Ikirusha, waya wa ulinzi wa maji haujaunganishwa, na stima zikipotea kisha zikarudi kipoza kikiwa kimezimwa, tyubu itakufa. Muuzaji arekebishe hapo hapo. Fungua kifuniko vilevile: leza ikatike.

Kulenganisha vioo. Bandika tepu ya karatasi mbele ya kioo cha pili, weka nguvu asilimia 12, sukuma gari karibu kabisa na kioo cha kwanza, rusha mara moja. Peleka mbali kabisa, rusha tena. Nukta mbili zikipishana, kaza au legeza skrubu za kioo cha kwanza mpaka ziangukie mahali pamoja. Usijali bado kama si katikati. Kuangukia pamoja ndiko muhimu. Rudia kwa kioo cha tatu kwenye pembe nne za meza, ukirekebisha kioo cha pili. Mwisho tepu chini ya pua ya lenzi. Mashine inayokata vizuri kona ya nyuma kushoto na kushindwa mbele kulia haijalenganishwa, haina udhaifu wa wati.

Lenzi: upande uliobinuka utazame juu. Ikiwekwa kichwa chini mstari unanenepa na unaanza kulaumu tyubu. Isafishe kwa spiriti ya asilimia 99 na pamba, bila kusugua kavu. Ni zinki selenaidi. Ikivunjika usiguse vipande kwa mikono mitupu.

Umbali wa fokasi usiuamini wa kwenye karatasi. Egemeza kipande cha mbao kiwe mteremko, chora mstari mmoja mrefu, tazama ulipo mwembamba zaidi, pima kutoka hapo hadi puani. Kata kijiti cha akriliki cha kimo hicho, ndicho kipimo chako cha kila siku.

Na uombe vipuri siku hiyohiyo: lenzi moja, vioo viwili, mkanda mmoja. Usipite miliampea 20 kwa tyubu ya wati 60. Kama mashine haina mita ya sindano, fundi yeyote wa redio anaweza kuifunga kwenye waya wa kurudi.

#15 DukaKibuye

Nimeamua: CO2 ya wati 60, kipoza kibadilishwe kiwe CW-5000, medali nitapeleka kwa mwenye faiba kwa sasa. Moja tu limebaki. Dirisha langu linatazama kichochoro ambapo mama mmoja hukaanga samaki na mandazi. Moshi niupeleke wapi?

#16 MuhuriKakamega

Usiutoe dirishani, kaka. Bomba la inchi 6, lipande ukutani hadi nusu mita juu ya paa. Kona zisizidi mbili, kila kona hupunguza mvuto. Bomba la mikunjo litumie mita moja tu karibu na mashine ili lisogee, kwingine tumia la bati laini. Feni ikae mwisho, upande wa nje, ili bomba lote la ndani liwe linanyonywa. Ikikaa ndani, kila tundu dogo kwenye kiungo linatema moshi dukani. Acha mlango au tundu la hewa upande wa pili wa chumba, vinginevyo feni haina cha kuvuta. Juu weka kofia ya bati iliyoinuliwa kama sentimita 15, maana mvua ya Kisumu ikiingia kwenye bomba inashuka hadi kwenye meza.

Mpira wa mihuri chora asubuhi kabla mama hajawasha jiko, harufu yake hukaa hewani. Mtungi wa kuzima moto uwe wa gesi ya kaboni dioksidi. Ule wa unga utazima moto lakini utamaliza reli na lenzi. Na mashine ikiwa inakata mbao, mtu asitoke dukani.

#17 ChumaMoto

Na siku utakapoongeza faiba, usidhani kifuniko cha CO2 kimekufundisha usalama wa macho. Akriliki angavu huzuia mwale wa CO2 lakini mwale wa faiba hupita humo, na hauonekani. Miwani iandikwe 1064 na OD6 (kipimo cha jinsi inavyozuia mwale) au zaidi kwenye fremu au lenzi yenyewe. Ile ya kijani inayokuja bure kwenye boksi bila maandishi, weka kando, usimpe yeyote dukani.